Robert Louis Stevenson
Robert Louis Stevenson (Edinburgh, 13 Novemba 1850 – Vailima, Samoa, 3 Desemba 1894) alikuwa mwandishi na mshairi kutoka Uskoti.

Tangu utotoni alisumbuliwa na ugonjwa wa mapafu. Baba yake, mhandisi wa minara ya taa, alitaka amrithi kazi, lakini mwana alichagua uandishi.

Riwaya yake ya vijana The Black Arrow (gazetini 1883, kitabu 1888) inahusu Uingereza ya karne ya 15, wakati wa vita vya kugombea taji: kijana Richard Shelton anagundua kwamba mlezi wake alihusika katika mauaji ya baba yake.

Wasomaji wa Kiswahili wanamfahamu zaidi kwa Kisiwa chenye Hazina, tafsiri ya Frederick Johnson.

Kwa ajili ya afya alihamia Samoa, alipofariki akiwa na miaka 44.