Habari za Jon Postel, Mtunza Nambari

Katika kurasa hizi za Kiswahili mmezoea kusoma habari za wafalme, maaskofu na majemadari. Mimi naomba ruhusa niwasimulie habari za mtu aliyekuwa mtunza daftari tu. Hata hivyo, kila barua pepe itokayo Bujumbura leo husafiri kwa taratibu ambazo yeye alizitengeneza na kuzihariri.

Nilimjua kwa ajili ya kosa. Katika likizo ya Pasaka, mimi na wenzangu watatu wa chama cha kompyuta tulipewa na mwalimu wetu wa hesabu laptopu mbili kuukuu, pamoja na programu iigayo mashine ya kale iitwayo PDP-10. Mashine hiyo ya miaka ya 1960 na 1970 ilikuwa na makabati makubwa kama yale ya sakristia. Programu hiyo huifanya laptopu ijidhani kuwa ndiyo mashine ile, na diski yake, na kadi yake ya mtandao, vyote vya bandia. Tulihangaika siku nne mpaka ya kwanza ikaamka. Kisha, kwa uvivu, tukanakili kila kitu tukakitia katika laptopu ya pili, tukaziunga kwa waya, tukaiamuru ya kwanza imwite mwenzake. Jibu likaja mara moja! Tukashangilia, mmoja wetu akapiga na ngoma juu ya meza. Kwa kishindo kile waya ukachomoka. Majibu yakaendelea kuja vilevile.

Tulibaki midomo wazi. Mashine ilikuwa ikijijibu yenyewe. Katika kunakili diski tulikuwa tumenakili na faili dogo lenye nambari ya mashine, basi zote mbili zilikuwa na nambari moja. Mimi ni mtoto wa Buyenzi, ambako avenyu zetu huitwa kwa nambari. Hebu fikirini avenyu mbili zikipewa nambari ile ile: atakayeleta barua atafanyaje? Mwalimu hakutugombeza. Alituuliza tu ni nani kati yetu aliyekuwa akiandika nambari. Hakuna aliyeandika. Hapo ndipo alipotutajia jina la Postel.

Jonathan Bruce Postel alizaliwa Altadena, katika jimbo la California nchini Marekani, tarehe 6 Agosti 1943. Alisoma shule ya sekondari ya Van Nuys, na shule hiyo hiyo walisoma Vint Cerf na Steve Crocker, ambao nao majina yao yamo katika historia ya mtandao. Kisha akaingia Chuo Kikuu cha UCLA, Los Angeles, akapata digrii ya kwanza mwaka 1966, na ya udaktari mwaka 1974. Alifuga ndevu ndefu, akavaa kandambili hata mbele ya wakubwa, na furaha yake ilikuwa kupanda milima na mzigo mgongoni.

Alikuwa bado mwanafunzi mwaka 1969, wakati Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilipogharimia mtandao wa ARPANET. Tarehe 29 Oktoba mwaka huo mashine ya UCLA, aina ya Sigma 7, iliita mashine ya Stanford kwa mara ya kwanza. Zilifika herufi mbili tu, kisha mashine ya Stanford ikazimika. (Habari hii ilitufariji sana sisi wa laptopu mbili.) Kufika Desemba vituo vilikuwa vinne. Crocker alikwisha anzisha desturi ya kuandika nyaraka za kuomba maoni, zinazoitwa RFC, ili kila mwenye wazo alitoe na wengine walisahihishe. Postel akawa mhariri wake, akaifanya kazi hiyo karibu miaka 30. Yeye pia ndiye aliyeandika ni nambari ipi imetumika na ipi iko wazi. Mwaka 1972 alipendekeza kwa maandishi kwamba awepo mtu mmoja wa kuzigawa nambari, akajitaja mwenyewe. Hapakuwa na uchaguzi wala kiapo. Watu walimwamini kwa sababu alikuwa hakosei.

Mwaka 1977 alihamia taasisi ya ISI ya Chuo Kikuu cha Kusini mwa California, ambako alifanya kazi kwa mashine za PDP-10 hasa, ndugu za ile tuliyoiiga. Huko mwaka 1981 alizihariri nyaraka za taratibu za IP na TCP, na mwaka 1982 akaandika utaratibu wa kupeleka barua pepe. Tarehe 1 Januari 1983 mtandao wote ulihama kutoka taratibu za zamani kwenda hizi mpya, na mpango wa safari hiyo aliuandika yeye. Kanuni yake moja watu wa kompyuta huikumbuka mpaka leo: unapotuma uwe mwangalifu sana, unapopokea uwe mvumilivu. Laiti kapiteni wa bweni letu angeisoma.

Sasa nafika kwa nchi yetu. Mashine zilipokuwa nyingi, nambari peke yake hazikutosha, yakatungwa majina. Paul Mockapetris alibuni mfumo huo mwaka 1983, na mwaka uliofuata Postel na Joyce Reynolds wakaandika masharti yake. Swali gumu likatokea: ni nchi zipi zipewe herufi mbili? Neno hilo lingeweza kuleta ugomvi wa dunia nzima. Postel alikataa kuwa hakimu. Alichukua orodha ya kimataifa ya ISO iliyokwisha kuwapo, aliyemo akapewa. Katika waraka wake wa mwaka 1994 alieleza kwamba anayekabidhiwa herufi hizo amekabidhiwa kazi ya kuwatumikia watu, hakupewa mali.

Wakubwa wetu wanaukumbuka mwaka 1996. Vita vilikuwa vimeanza mwaka 1993, na baada ya mapinduzi ya Julai 1996 nchi jirani zilitufungia biashara. Petroli ikawa adimu, na baba yangu husimulia alivyokwenda kazini kwa miguu. Katika mwezi wa Oktoba mwaka huo huo, mipaka ikiwa imefungwa, herufi bi zilitiwa katika orodha ya dunia kutoka ofisi ya Postel. Herufi za Rwanda nazo ziliingia mwaka huo huo. Hakuna aliyetuuliza nani anatawala. Burundi ilikuwa katika orodha, ikapewa.

Liko jambo moja ambalo mimi na rafiki yangu hatujakubaliana mpaka leo. Tarehe 28 Januari 1998 Postel aliwaandikia wasimamizi wa seva nane, zile zinazojua kila mwisho wa jina unapatikana wapi, akawaomba wachukue orodha kutoka kwake, wasichukue tena kwa kampuni iliyokuwa na mkataba wa serikali ya Marekani. Wote wanane wakatii. Watu wa dunia hawakuhisi kitu. Serikali ilikasirika, akairudisha hali ya zamani, akasema lilikuwa jaribio tu. Rafiki yangu asema ule ulikuwa uasi. Mimi naona alitaka kuonyesha daftari liko kwa nani hasa, lakini nakiri kwamba kumwachia mtu mmoja, hata awe mwema namna gani, kunatisha.

Yeye mwenyewe alilijua hilo, akasaidia kuunda chombo cha kuirithi kazi yake, yaani ICANN, kilichoandikishwa Septemba 1998. Hakukiona kikikua. Moyo ulikuwa ukimsumbua tangu zamani, akapasuliwa, akafariki Los Angeles tarehe 16 Oktoba 1998, na umri wake miaka 55. Vint Cerf aliandika maombolezo yake, yakatolewa kama waraka wa RFC wenye nambari 2468. Tangu mwaka 1999 hutolewa tuzo yenye jina lake, na mwaka 2007 ilimwendea Mwafrika, Nii Quaynor wa Ghana.

Mashine zetu za bandia sasa ni tano, na zinaitana. Nambari zake zimeandikwa kwa kalamu katika daftari la mistari, linalotunzwa na kijana wa mwaka wa kwanza. Juzi nilimwomba nambari ya sita bila kumweleza ni ya nini, akaninyima.