Karamoja Bell: Mwindaji aliyeangusha ndovu 1,011 kwa bunduki ndogo

MAPEMA karne iliyopita, mzungu aliyetaka kuwinda ndovu Afrika Mashariki alishauriwa kwanza kwenda London na mfuko mzito. Huko mafundi mashuhuri walimtengenezea bunduki ya mitutu miwili, nzito kama mchi, ambayo bei yake ingetosha kununua bunduki kadhaa za kawaida. Bila silaha hiyo, wataalamu walisema, mtu alikuwa anajitafutia kifo.

Mskoti mmoja alipuuza ushauri huo. Walter Dalrymple Maitland Bell, ambaye ulimwengu wa wawindaji unamkumbuka kwa jina la Karamojo au Karamoja Bell, aliwaua ndovu 1,011 katika maisha yake. Takriban 800 kati yao aliwaangusha kwa bunduki nyepesi ya milimita 7, akitumia risasi za kijeshi ambazo zilikuwa zikitengenezwa viwandani kwa mamilioni na kuuzwa kwa bei ya chini.

Bell alizaliwa mwaka 1880 karibu na Edinburgh, katika familia tajiri yenye watoto wengi. Mama yake alifariki akiwa mchanga, na baba yake akafuata miaka michache baadaye. Ndugu zake wakubwa ndio waliomlea, na kazi hiyo haikuwa rahisi. Alitoroka shule moja baada ya nyingine, akaingia baharini akiwa na umri wa miaka 13, na daima alikuwa na wazo moja tu kichwani: kwenda Afrika kuwinda ndovu.

Mwaka 1896, alipokuwa na miaka 16, familia ilisalimu amri. Alinunuliwa bunduki ya risasi moja moja na kuruhusiwa kusafiri hadi Mombasa, ambako ujenzi wa reli ya Uganda ulikuwa unaanza. Alipata kazi ya kuwalinda wafanyakazi na misafara dhidi ya simba. Huko ndiko alikopata somo lake la kwanza kuhusu vifaa. Bunduki yake ilikwama katika joto, maganda ya risasi yakagoma kutoka. Aliyoipata badala yake ilikuwa na risasi zenye ncha wazi, ambazo zilipasuka juu juu bila kupenya mwili wa mnyama. Kijana aliyesimama mbele ya simba na silaha ya aina hiyo hasahau upesi.

Kutoka Afrika alikwenda Kanada wakati wa mbio za dhahabu za Yukon. Dhahabu hakuipata, bali aliwauzia wachimbaji nyama ya wanyama aliowapiga, hadi mshirika wake alipomdhulumu na ikambidi kuuza bunduki yake. Vita vya Makaburu vilipozuka mwaka 1899, alijiunga na kikosi cha wapanda farasi kutoka Kanada na kupelekwa Afrika Kusini. Farasi wake alipigwa risasi, naye akatekwa, kisha akatoroka.

Maburu hao walikuwa wakitumia bunduki aina ya Mauser ya milimita 7, iliyobuniwa Ujerumani mwaka 1892. Waingereza waliumia sana kwa silaha hiyo. Ilikuwa nyepesi, yenye shabaha ya mbali, na haikukwama hovyo.

Vita vilipokwisha mwaka 1902, Bell alirejea Afrika Mashariki. Safari yake ilimfikisha Mumias, makao ya Nabongo Mumia wa Wawanga, ambapo misafara ya wafanyabiashara Waswahili na Waarabu ilipumzika na kujipanga. Zaidi ya hapo, kuelekea kaskazini, serikali ya kikoloni ilikuwa jina tu. Mbele kulikuwa na Karamoja, nchi kame ya wafugaji wenye mikuki, na ndovu wenye pembe ambazo wafanyabiashara wa Mumias walizizungumzia kwa kutamani.

Kwa miaka mitano hivi, hadi 1907, Bell aliifanya Karamoja kuwa shamba lake. Bunduki aliyoipenda kuliko zote ilikuwa Mauser iliyounganishwa na kampuni ya John Rigby ya London na kuitwa .275. Uzito wake ulikuwa kilo tatu na ushei. Kichwa cha risasi yake kilikuwa na gramu 11 tu, kirefu, butu mbele, na kilichofunikwa kote kwa chuma kigumu.

Linganisha na James Sutherland, mwindaji mwenzake aliyevuma wakati huo huo kusini mwa Tanganyika, iliyokuwa koloni la Wajerumani. Sutherland alibeba bunduki kubwa aina ya .577, ambayo kichwa cha risasi yake kilikuwa na uzito wa zaidi ya mara nne ya kile cha Bell, na kishindo chake kiliweza kumyumbisha mtu mzima. Wote wawili walijaza maghala ya pembe. Tofauti ni kwamba Sutherland alitegemea nguvu, Bell alitegemea kujua.

Alichojua Bell ni mahali ulipo ubongo wa ndovu. Fuvu la mnyama huyo ni kubwa kama pipa, lakini sehemu yake kubwa ni mfupa wenye matundu kama sega la nyuki, na ubongo umejificha ndani, chini na nyuma zaidi ya mtu anavyodhania. Bell alipasua mafuvu kwa msumeno, akayachunguza kutoka kila upande, hata akajifunza kupiga kutoka nyuma kwa mshazari, pembe ambayo wengine waliikwepa. Wawindaji wangali wanaiita kwa jina lake.

Risasi ikiufikia ubongo, ndovu huanguka papo hapo, iwe ni ya milimita 7 au 15. Isipoufikia, hata ile kubwa humwacha na jeraha na hasira. Kwa hiyo, alifikiri Bell, heri risasi nyembamba inayokwenda mbele bila kupinda kuliko nene inayopindia njiani. Bunduki ndogo ilikuwa na faida nyingine: mlio wake haukuwatisha sana ndovu waliobaki. Kundi lilisimama likishangaa, naye akapiga tena. Siku moja aliwaangusha ndovu 19.

Hapa lazima jambo moja lisemwe waziwazi, kwa sababu sifa za Bell husimuliwa mara nyingi bila ya kuligusa. Unafuu wa bunduki yake ulifidiwa na gharama nyingine. Alipokuwa safarini alilenga shabaha kila siku kwa bunduki isiyo na risasi, kama mwanamuziki anayefanya mazoezi ya vidole. Alitembea bila kuchoka. Kwa hesabu zake mwenyewe, kila dume alilolipata lilimgharimu mwendo wa kilomita zaidi ya 110, na katika mwaka mmoja alichakaza jozi 24 za viatu.

Wala hakuwa peke yake. Aliyemwonyesha njia alikuwa Pyjalé, kijana Mkaramojong wa kundi la Bokora, mfuatiliaji wa nyayo asiye na mfano, aliyemkaribia ndovu akiwa na mkuki tu mkononi. Bell alimsifu kuliko mzungu yeyote aliyewinda naye. Kulikuwa pia na wapagazi waliobeba pembe kwa mamia ya kilomita hadi Mumias, na wafugaji waliomletea habari za ndovu walipo. Bell aliwalipa watoa habari kwa ng'ombe, malipo yaliyoeleweka Karamoja kuliko ushanga au nguo, na nyama ya ndovu ikawa ya wenyeji. Walimpa jina lenye maana ya Mtu Mwekundu.

Haikuwa hivyo kila mahali. Mwanzoni mwa 1908, katika nyanda za juu za Gusii ambako leo mashamba ya chai yamefunika vilima vya Nyamira na kuzunguka vituo kama Ikonge, Otenyo Nyamaterere alimchoma mkuki afisa wa kikoloni Geoffrey Northcote, kwa uchochezi wa nabii Moraa. Northcote alipona. Wakisii ndio walioonja jibu lake: askari wenye bunduki waliua watu wengi, wakachoma nyumba na kuteka maelfu ya ng'ombe. Bunduki nafuu ya kijeshi, iliyompa Bell utajiri bila vita, ndiyo hiyo hiyo iliyowanyima watu wa nchi hizi uwezo wa kukataa.

Kutoka Karamoja, Bell alivuka hadi Lado, kipande cha ardhi kando ya Nile kilichokuwa chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Leopold alifariki Desemba 1909, na mwaka uliofuata eneo hilo likakabidhiwa Sudan. Katika kipindi hicho wawindaji wa kila aina walimiminika huko kuua bila kuulizwa. Bell alikuwa miongoni mwao. Baadaye aliwinda Kongo, Liberia na Afrika ya Kati.

Vita Kuu vya Kwanza vilimgeuza rubani. Aliruka angani Tanganyika dhidi ya Wajerumani, na inasimuliwa kwamba alipenda kwenda bila msaidizi ili apate nafasi ya kufyatua bunduki yake ya uwindaji akiwa kwenye ndege. Alitunukiwa nishani ya Military Cross.

Mwaka 1923 alichapisha kitabu chake cha kwanza kuhusu uwindaji wa ndovu, akakipamba kwa michoro ya mkono wake. Cha pili, kuhusu Karamoja, kilitoka 1949. Vitabu hivyo vilisomwa sana, na vikaleta balaa ambalo mwandishi hakulikusudia. Vijana waliovisoma walinunua bunduki ndogo, wakaja Afrika bila kupasua fuvu hata moja. Baadhi yao waliuawa. Wengine waliwaacha ndovu na nyati wakiwa na majeraha, na aliyelipa deni hilo mara nyingi alikuwa mwanakijiji aliyekwenda kuteka maji. Ndiyo maana makoloni mengi yaliweka sheria ya ukubwa wa chini wa mtutu kwa wanyama hatari.

Lakini hoja ya Bell kwamba silaha rahisi ya kijeshi humtosha ndovu haikufa, ila ilipata wafuasi wengine. Katika miaka ya 1970 na 1980 majangili walizijaza mbuga za Kenya wakiwa na bunduki za AK-47 na G3, zenye risasi ndogo, nyingi na rahisi kupatikana. Hawakuhitaji kujua ubongo ulipo, walimimina tu. Ndovu wa Kenya, waliokadiriwa kuwa zaidi ya 160,000 mapema miaka ya 1970, walibaki takriban 16,000 mwaka 1989. Serikali ilikuwa imepiga marufuku uwindaji tangu 1977, na Julai 1989 Rais Daniel arap Moi aliwasha moto rundo la tani 12 za pembe katika Mbuga ya Nairobi. Mwaka huo huo biashara ya kimataifa ya pembe ilipigwa marufuku.

Bell hakuyaona hayo. Alistaafu katika nyanda za juu za Uskoti pamoja na mkewe Katie, akawinda paa kwa bunduki ndogo zaidi kuliko ya Karamoja, na akashindana katika mbio za mashua. Alifariki mwaka 1954, na kitabu chake cha tatu kikachapishwa 1960.

Baada ya kifo chake, moja ya bunduki zake za .275 ilinunuliwa na mwandishi wa Marekani Robert Ruark, aliyekuwa mgeni wa mara kwa mara nchini Kenya. Hakuitumia mwenyewe. Alimpa zawadi mtoto Mark, mwana wa rafiki yake mwindaji Harry Selby, na hivyo bunduki ile nyepesi ikarudi Afrika.