UKIFA LEO, KITABAKI NINI?

Kijana, usiitupe karatasi hii. Isome mpaka mwisho, haikuombi hata senti.

Hebu nikuulize: ukifa leo, kitabaki nini? Simu yako atachukua mdogo wako. Viatu atapewa binamu. Watu watalia, matanga yataanuliwa, halafu basi. Si ndiyo?

Sasa sikiliza habari za kijana mmoja mweusi, MARTIN LUTHER KING. Alizaliwa Atlanta, Marekani, tarehe 15 Januari 1929. Siku hizo, kule majimbo ya kusini, mtu mweusi alikaa nyuma ya basi. Mzungu akikosa kiti, mweusi anyanyuke!

Tarehe 1 Desemba 1955, mjini Montgomery, mama mmoja fundi cherehani, Rosa Parks, alikataa kunyanyuka. Akakamatwa. Weusi wa mji ule wakagoma kupanda mabasi, wakamchagua King awaongoze. Alikuwa mchungaji mwenye miaka 26 tu, ana mke na mtoto mchanga.

USIKU ULE JIKONI

Usidhani alikuwa haogopi. Aliogopa bwana, kama wewe! Usiku mmoja wa Januari 1956 simu ililia, mtu akatishia kumuua. Usingizi ukaruka. Akaenda jikoni, akachemsha kahawa, akakaa mezani akiwaza namna ya kujitoa bila kuonekana mwoga. Pale pale akainamisha kichwa, akamwomba Mungu kwa sauti, akakiri kwamba nguvu zimemwishia. Baadaye alisimulia mwenyewe kuwa hofu ilimtoka, akasikia moyoni anaambiwa asimamie haki.

Siku chache tu baadaye, tarehe 30 Januari, bomu likarushwa barazani kwake. Mkewe Coretta na mtoto walikuwa ndani. Wakapona. Umati ukajaa pale nje kwa hasira, wengine wana silaha. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Neno moja tu, damu ingemwagika. Lakini King aliwasihi warudi nyumbani kwa amani, wawapende hata wanaowachukia.

Mgomo ulidumu siku 381. Watu walikwenda kazini kwa miguu. Mwisho Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema ubaguzi ule unavunja katiba. Desemba 1956 mweusi akakaa kiti anachotaka!

ALIACHA NINI?

Mwaka 1964 sheria ilipiga marufuku ubaguzi hotelini, mikahawani na kazini. Mwaka huo huo alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, na hela yake, dola zaidi ya 54,000, akazitoa kwa ajili ya harakati. Mwaka 1965 ikaja sheria ya kulinda haki ya kupiga kura. Hakuyafanya peke yake. Maelfu walipigwa, wakafungwa, wengine wakauawa.

Tarehe 4 Aprili 1968, mjini Memphis, alikokwenda kuwatetea wazoa taka waliogoma, alipigwa risasi akafa. Miaka 39! Siku saba baadaye, sheria ya kukataza ubaguzi wa nyumba ikatiwa saini. Tangu 1986 Marekani ina sikukuu ya kumkumbuka kila Januari.

Lakini urithi kama huu haujilindi wenyewe. Mwaka 2013 mahakama ile ile iliipunguza makali sheria ya kura, na ubaguzi bado upo. Kazi yake inahitaji mikono mingine.

NA WEWE JE?

Utasema, mimi ni nani? Rafiki yangu, King alianza na usiku mmoja jikoni, akiwa anatetemeka. Kuogopa si kosa. Kosa ni kuiachia hofu ikuamulie maisha. Ukichokozwa kijiweni ukataka kulipiza kisasi, ukiona mnyonge anaonewa ukataka kugeuza uso, kumbuka jikoni ile.

Leo usiku, wenzako wakishalala, kaa peke yako. Mwambie Mungu ukweli wote, kama King alivyomwambia. Halafu kesho asubuhi, SIMAMA.

Unangoja nini?