Jim Henson: Sauti Chini ya Meza

Watoto wa Marekani waliokulia mbele ya runinga miaka ya 1970 walimjua chura wa kijani aitwaye Kermit kabla ya kumjua aliyempa sauti. Jim Henson alizaliwa Greenville, Mississippi, tarehe 24 Septemba 1936. Mwaka wa 1955, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Maryland, alitwaa koti kuukuu la mamake, akalishona likawa kikaragosi. Macho akayaunda kwa mpira wa tenisi ya meza uliokatwa katikati. (Kermit hakuwa chura bado, alifanana zaidi na mjusi.)

Sesame Street, kipindi cha watoto kilichoanza Novemba 1969, kilimpa sifa, na sifa hiyo hiyo ikamfunga. Henson aliamini kwamba sanaa ya vikaragosi ni ya watu wazima pia, ila wenye vituo vikuu vya Marekani hawakukubali. Ilibidi avuke bahari: Lew Grade wa Uingereza akaigharimia The Muppet Show, iliyotengenezwa Elstree na kuonyeshwa kuanzia 1976 hadi 1981.

Alifariki New York tarehe 16 Mei 1990, akiwa na umri wa miaka 53, kwa ugonjwa wa mapafu. Alikuwa amechelewa kwenda hospitalini. Alikuwa ameusia kwamba asiombolezwe kwa mavazi meusi. Kanisa kuu la Mtakatifu Yohana likafurika watu wazima waliopunga vipepeo vya rangi vilivyotundikwa vijitini, na Big Bird, yule ndege mkubwa wa manjano wa Sesame Street, akasimama mbele yao akauimba wimbo wa Kermit.