Mgr Kataliko: askofu aliyefukuzwa Bukavu juu ya barua ya Noeli

Tarehe 12 Februari 2000, wakuu wa RCD-Goma waliokuwa wanatawala Bukavu walimkataza Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko kuendelea kuishi mjini. Walimpeleka Butembo, Kivu ya Kaskazini. Hakuna tribinali iliyomuhukumu. Kosa walilomwekea ni kuchochea chuki kati ya makabila na kusukuma raia wagome.

Butembo ndiko kwao. Kataliko, Munande, alizaliwa karibu na mji huo mwaka 1932. Alipata upadri mwaka 1958, akasoma Roma, na mwaka 1966, akiwa bado kijana, akafanywa askofu wa Butembo-Beni. Aliongoza jimbo hilo miaka zaidi ya 30. Watu wa kule wanamkumbuka juu ya barabara, mashule na hospitali, na juu ya Université Catholique du Graben iliyoanza mwaka 1989.

Bukavu alikuja wakati mugumu. Tarehe 29 Oktoba 1996, vita ilipoingia mjini, askari walimuua Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa pale Nyawera. Machi 1997 Papa akamtaja Kataliko kuchukua nafasi yake. Alijua vizuri yaliyompata aliyemtangulia, na akakubali.

Agosti 1998 vita ya pili ikaanza. RCD, ikisaidiwa na Rwanda, ikashika Bukavu na sehemu kubwa ya Kivu. Tarehe 24 ya mwezi ule raia waliuawa Kasika, teritware ya Mwenga, pamoja na mwami wao, padri na masista. Kisha ikafuata Makobola, kule Fizi. Hapa mjini, watu wa société civile walikuwa wanaitwa, wanatishwa, wanafungwa. Mtu akikosoa utawala, aliitwa mchochezi wa ukabila ao rafiki wa watu wenye silaha. Wengi wakajifunza kusema chini-chini.

Noeli ya 1999, Kataliko alisema kwa sauti. Katika barua yake kwa waamini, alieleza kama mataifa ya kigeni, pamoja na ndugu fulani Wakongomani, wanaendesha vita kwa mali ya inchi yetu yenyewe. Mali ile ingepashwa kusomesha watoto na kutunza wagonjwa, lakini inatumiwa kuua wenyewe. Hakuacha Kanisa nyuma: aliomba wakristo nao wajichunguze. Hakuita mtu kushika silaha.

Mwanzoni mwa mwaka 2000 raia wa Bukavu wakafanya ville morte: maduka yakafungwa, watu wakabaki nyumbani. RCD wakaona mkono wa askofu, na siku chache nyuma yake wakamfukuza.

Kumrudisha kwao ilikuwa kama kusema: huyu si mtu wa hapa, aende kwa ndugu zake. Lakini wale waliosimama juu yake hawakuwa wa kabila lake. Bukavu ni mji wa Bashi, wa Barega, wa Bahavu na wengine wengi. Makanisa ya Katolika yalisimamisha misa kwa muda, mashule yake yakafungwa. Mtu aliyeshitakiwa kugawanya makabila, mji wa makabila mengi ndio uliomudai arudi. Mashtaka yakakosa nguvu mbele ya macho ya kila mtu.

Miezi saba ikapita. Watu waliendelea kudai, na sauti toka inje ya inchi zikaongezeka. Tarehe 14 Septemba 2000 Kataliko akarudi. Umati mkubwa ulijaa njiani kumpokea. Naye hakutumia ile furaha kwa kulipiza kisasi. Aliendelea kuhubiri amani na kusameheana, bila kukana neno hata moja la barua yake.

Siku 20 baadaye, tarehe 4 Oktoba, alifariki Italia, karibu na Roma, alikokuwa ameenda kwa mkutano wa maaskofu. Ilitangazwa kama moyo ulisimama. Alikuwa na miaka 68. Mwili wake ulirudishwa Bukavu, na wale waliokuwa wamempokea kwa shangwe wakatoka tena, sasa kwa kilio. Alizikwa kwenye kathedrali, pamoja na Munzihirwa. Hakupelekwa Butembo. Yule waliyetaka arudi kwao, kwao ikawa Bukavu.