Homa zilivyomfikia Livingstone kichwani

Mama, ukitoka kwetu Kilwa ukapita Lindi hadi Mikindani, utasikia watu wakimtaja David Livingstone. Alishuka pale Machi 1866 akitokea Zanzibar, na ngamia na nyati wa mizigo, akaingia bara kwa njia ya mto Ruvuma. Shuleni tulifundishwa maziwa na mito aliyofika. Mimi muuguzi navutiwa na homa zake. Aliziandika mwenyewe kwenye daftari, na zinafanana sana na ninazozikuta nikitembelea kaya.

Alizaliwa Uskoti mwaka 1813, akasomea udaktari. Malaria ilimsumbua miaka mingi kabla ya safari hiyo, na mwaka 1862 homa ilimuua mkewe Mary kwenye bonde la Zambezi. Kwa hiyo dawa alizijua. Alikuwa na vidonge vyake vya mchanganyiko: kwinini, dawa za mimea za kuendesha tumbo, na kalomeli. Kwinini ilikuwa sahihi. Kalomeli ni chumvi ya zebaki, na zebaki huharibu ubongo. (Zebaki imo hata leo kwenye baadhi ya mikorogo ya kujichubua. Kama una mimba au unanyonyesha, achana nayo kabisa.)

Januari 1867 wapagazi wawili walitoroka na mzigo wenye kasha lake la dawa. Toka hapo homa zilimpiga bila kizuizi. Miezi michache baadaye, kusini mwa Ziwa Tanganyika, alijikuta anagaagaa nje ya kibanda chake, hawezi kuingia. Alijaribu kusimama, akaanguka na kupiga kichwa. Saa kadhaa zilipita hajui yuko wapi. Vijana wake wakatundika blanketi mlangoni, wageni wasimwone.

Blanketi hilo nalijua, mama. Mtoto akishikwa na degedege, mlango unafungwa, jirani haambiwi, anaitwa mganga kwanza kwa kuwa inasemekana ni shetani. Bibi akianza kupayuka kwa homa, tunasema ni uzee. Vijana wale hawakuwa na pa kumpeleka mgonjwa wao. Wewe una zahanati, yenye kipimo cha haraka na dawa ya mseto, na kwa malaria kali kuna sindano. Degedege ikianza, mlaze mtoto ubavu, usimtie kitu mdomoni, umpeleke hapohapo, iwe usiku au mchana.

Vijidudu vya malaria hunasa kwenye mishipa midogo ya damu ya ubongo. Damu inapita kwa shida, na sukari mwilini inaweza kushuka. Watoto wengi wanaotibiwa mapema hupona kabisa. Wengine hubaki na kifafa, kuchelewa kusema, au kushindwa kushika masomo, na mwalimu anamwita mvivu. Kwa mzee, kuchanganyikiwa wakati wa maambukizi makali kunaweza kuharakisha upotevu wa kumbukumbu hata homa ikiisha. Ndiyo maana nakuuliza kila mara kama bibi anakumbuka majina ya wajukuu kama zamani.

Januari 1869 Livingstone alipata ugonjwa wa mapafu, akabebwa kwa machela. Alama za magome ya miti zilimgeukia nyuso za watu, akapoteza hesabu ya siku. Lakini alipona, akaendelea kuandika na kupima njia miaka minne zaidi. Usimkatie tamaa mgonjwa anayeweweseka.

Alifariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, akiwa na miaka 60, amechoshwa na malaria na kuhara damu. Usiku wa mwisho alimwomba Susi, mtumishi wake, kasha la dawa. Macho yalikuwa hayaoni vizuri, mshumaa ukasogezwa karibu, na dawa aliyoichagua ilikuwa kalomeli. Susi, Chuma na wenzao waliukausha mwili wake wakaubeba kwa miguu miezi mingi, hadi Bagamoyo, Februari 1874.