Earl Sutherland: Aliyefichua mjumbe wa pili wa homoni

Wanafunzi wangu wa biolojia hutaja homoni za uzazi bila kusita. Ukiwauliza homoni ikifika kwenye seli inafanya nini, darasa zima hunyamaza. Sisi tuliosoma ukimbizini nasi tulifundishwa majina tu. Kwa hiyo leo namkumbuka Earl Sutherland.

Daktari huyu Mmarekani alizaliwa mwaka 1915 Burlingame, mji mdogo wa jimbo la Kansas. Alihitimu udaktari mwaka 1942 huko St. Louis, akaenda kutibu askari katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Vita vilipokwisha alirudi St. Louis, katika maabara ya Carl Cori, kuchunguza jinsi adrenalini inavyolifanya ini litoe sukari.

Wakati huo wataalamu wengi waliamini kwamba seli ikishavunjwa, homoni haina kazi tena. Sutherland hakukubali. Miaka ya 1950, akiwa Cleveland pamoja na Theodore Rall, aliliponda ini, na homoni ikafanya kazi. Walipoondoa vipande vya utando wa seli, ikashindwa. Walipovirudisha, kazi ikaendelea.

Jibu likapatikana: homoni hiyo huishia mlangoni. Utando ndio unaosababisha kitu kingine kidogo, AMP ya mzunguko, kitengenezwe na kupeleka habari ndani ya seli. Kikaitwa mjumbe wa pili. Wapo waliotilia shaka jambo hilo kwa miaka mingi, lakini mwaka 1971 alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba, peke yake. Alifariki mwaka 1974 mjini Miami, akiwa na umri wa miaka 58.

Njia hiyo hiyo hutumika katika ovari. Homoni ya LH, inayoamuru yai litoke, hushikwa na kipokezi kilichomo katika utando wa seli. Utando huo umejengwa kwa mafuta na protini, na hali ya mafuta hayo huweza kubadili jinsi kipokezi kinavyoishika homoni na kupitisha ujumbe.

Kuna wanawake wenye LH ya kutosha katika damu, lakini yai halitoki kwa sababu vipokezi vina kasoro. Huku kwetu mwanamke wa namna hiyo huambiwa na mawifi kwamba amelogwa, na mara nyingine hufukuzwa. Walimu wenzangu, tusiishie kwenye majina ya homoni. Tuwafundishe vijana habari za mlango.